Kichwa Kimoja Kipungue

Mtu aliyesimama mlangoni mwa ofisi ya Meneja, spana mkononi, ovaroli imelowa jasho mpaka kiunoni, alikuwa mumewe.

Mama Pasi alishika ukingo wa meza.

Wewe uliyekuwa nasi wiki iliyopita unajua kwa nini. Wewe unayeingia leo, vuta kiti ukae, mambo si mengi. Mama Pasi hunyoosha mashuka katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli. Mumewe, ambaye kila mtu humwita Fundi, ni mtu wa boila, lile pipa kubwa la chuma linalotoa mvuke wa kufulia na kunyooshea. Alhamisi hiyo alasiri Meneja alimwita Mama Pasi ofisini akampa cheo. Kuanzia Jumatatu angekuwa msimamizi wa zamu nzima. Kabla hajasema asante, akapewa na sharti. Mwisho wa mwezi linakuja boila jipya la umeme, nalo linataka mtu mmoja tu. Boilani kuna wawili, Fundi na mzee anayeitwa Babu Moto. Msimamizi mpya ataje mmoja wa kuondoka.

Na Fundi alikuwa ameyasikia yote.

"Afadhali umesikia mwenyewe," Meneja alisema. Alikuwa kijana, tai ameilegeza, macho mekundu kama ya mtu aliyelala na simu sikioni. "Sipendi mambo ya kusemwa pembeni."

Fundi alimtazama mkewe.

"Valvu ya chini inavuja," alisema. "Hicho ndicho kilichonileta. Nizime boila kidogo niikaze."

"Hatuna muda wa kuzima. Ile hoteli mpya ya barabara kuu imeleta mashuka mara mbili ya jana."

"Basi itaendelea kuvuja."

Akageuka, akashuka ngazi za chuma taratibu, kidato kwa kidato.

"Meneja," Mama Pasi alisema, "yule ni mume wangu."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nikichagua mimi mtasema nimewaonea."

"Na Babu Moto analea wajukuu watatu peke yake."

"Hilo pia nalijua." Meneja alijifikicha macho. "Mama, mashuka yanaongezeka, lakini wenye kiwanda wanataka watu wapungue. Mimi mwenyewe wananihesabu. Kichwa kimoja kipungue, basi. Kesho asubuhi kabla ya king'ora unipe jina. Na atakayetajwa anaondoka papo hapo, kwa sababu hawataki mtu mwenye hasira karibu na mashine."

"Na nikikataa cheo?"

"Nitampa mwingine. Na huyo mwingine sijui atataja nani, wala sijui atataja wangapi."

Mama Pasi akarudi kwenye mashine yake. Shuka moja, shuka la pili, shuka la tatu. Mashuka mazito, meupe, ya watu wanaolala mara moja tu kisha wanaondoka. Mwenzake wa upande wa pili wa mashine akamuuliza kama ameitwa kwa heri.

"Nimepewa cheo," alijibu.

"Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Ndivyo vyeo vya siku hizi vilivyo."

*

Jioni walitembea kwenda nyumbani kama kawaida yao, yeye mbele kidogo, Fundi nyuma. Zamani safari ilikuwa fupi. Tangu barabara kubwa ijengwe wanalazimika kuzunguka mpaka kwenye daraja la waendao kwa miguu, wapande upande huu, washuke upande ule. Huku chini magari yanapita mapya, vioo vyote vimefungwa.

Juu ya daraja Fundi alisimama.

"Nitaje mimi," alisema.

"Halafu?"

"Halafu wewe ni msimamizi. Mshahara mkubwa."

"Huo mshahara mkubwa haufikii miwili midogo tuliyonayo. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria."

"Na kodi imepanda tena. Na mama na dawa zake za kifua."

"Nimefikiria yote, mama watoto. Kazi ya boila inampa mtu muda mwingi wa kufikiria."

Wakashuka daraja. Wakafika mlangoni kwao.

Kwao ni chumba na sebule. Wao wawili chumbani, mama mkwe na watoto wawili sebuleni. Nyumba ile ukipiga chafya chumbani, wa sebuleni anasema pole, na jirani wa ukuta wa pili naye anasema pole. Kwa hiyo usishangae kwamba mama mkwe aliwaona tu wakivua viatu akajua.

"Nani amefukuzwa?" aliuliza.

"Hakuna, mama," Fundi alijibu.

"Nani anafukuzwa kesho?"

Mama Pasi akaeleza yote, huku anamenya vitunguu, maana hata siku kama hiyo watu hula. Mama mkwe alisikiliza, anakohoa, anasikiliza tena.

"Mkwe wangu," alisema mwishowe, "mimi nimemzaa huyu, kwa hiyo usiniulize. Nitakudanganya."

*

Giza lilikuwa linaanza kuingia mlango ulipobishwa hodi. Babu Moto.

Alikuwa amevaa shati safi na kufunga vifungo mpaka shingoni. Mzee huyu anakaa kijichumba nyuma ya ukuta wa kiwanda na wajukuu wake watatu. Mama yao alikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye nyumba za watu. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, baadaye mara mojamoja, sasa namba yake haipatikani.

"Karibu Babu, kaa."

"Sikai sana." Lakini alikaa. "Habari zimenifikia. Kiwanda kile hata mvuke una masikio."

Mama Pasi alimwekea chai. Chai ikamwagika kwenye sahani. Aliogopa mzee angelia. Angeweza kuvumilia mengi siku hiyo, lakini si machozi ya mzee.

Babu Moto hakulia.

"Mwanangu," alimwambia, "nitaje mimi."

Fundi aliinua kichwa.

"Kuna ghorofa linajengwa kule kilimani," mzee aliendelea. "Mkandarasi anatafuta mlinzi wa kulala hapohapo. Tumeshaongea. Mshahara si wa kusimulia, lakini upo. Kibanda chenyewe cha mabati, cha mtu mmoja."

"Babu, kwa umri wako ulale kwenye mabati?" Mama Pasi aliuliza.

"Nimelala kwenye joto la boila miaka yote hii. Baridi kidogo haitaniua." Alikunywa chai funda moja, akarudisha kikombe kwenye sahani. "Ila mkandarasi hataki watoto pale. Kwa hiyo mimi nitaondoka, Fundi atabaki, na wale watatu watakaa kwenu."

Kumbe ndiyo bei.

Kabla Mama Pasi hajajibu, akasikia sauti ya mumewe.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Watakaa."

Mama Pasi akageuka polepole.

"Umesema ndiyo?"

"Babu ndiye aliyenifundisha kazi."

"Alikufundisha wewe. Atakayewaogesha ni mimi. Atakayewafulia ni mimi, nikitoka kuwafulia mahoteli."

"Tutasaidiana."

"Lini? Ukirudi saa ngapi?"

Watoto wao walikuwa wameacha kuandika kazi za shule, wanasikiliza. Mama mkwe aliwaashiria kwa kidole warudi kwenye madaftari, naye mwenyewe akaendelea kusikiliza.

Mama Pasi alimgeukia mzee. Alijitahidi kuilainisha sauti.

"Babu, usinielewe vibaya. Tuko watano humu. Mama akikohoa usiku tunaamka wote. Hao watatu nitawaweka juu ya kabati?"

Mama mkwe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakangoja kikohozi kiishe.

"Watoto hawataki nafasi kubwa," Babu Moto alisema.

"Wanataka nafasi, Babu. Mimi sina."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehakikishiwa jambo alilolijua. Akamaliza chai yake yote, hata ile iliyokuwa kwenye sahani. Akasimama, akamshukuru mama mkwe, akawapa watoto mkono mmojammoja.

"Mimi nimesema yangu," alisema, na alipokuwa anasema alikuwa anamtazama Fundi.

Fundi akatoka kumsindikiza. Alichelewa. Aliporudi chakula kilikuwa kimepoa, naye akala hivyohivyo bila kuomba kipashwe moto.

"Mmeongea nini huko?" Mama Pasi alimuuliza walipokuwa wamelala, sauti ya chini kwa ajili ya ukuta.

"Hatukuongea cha maana. Wewe umeamua nini?"

"Nitakikataa hicho cheo. Sitamtaja mtu. Wamtafute mwingine wa kazi zao chafu."

"Na huyo mwingine akituondoa wote wawili, mimi na Babu?"

"Dhambi itakuwa yake."

"Njaa itakuwa yetu."

Mama Pasi akageukia ukutani. Alitaka kusema kitu kingine, kitu kizuri pengine, lakini usingizi wa mtu aliyesimama kutwa nzima hauombi ruhusa.

*

Asubuhi upande wa Fundi ulikuwa mtupu. Mama Pasi hakushtuka. Mtu wa boila hutangulia kuwasha ili wengine wakute mvuke uko tayari, na siku hiyo zamu ya asubuhi ilikuwa yake. Babu Moto alikuwa anaingia mchana.

Mama Pasi alimpa mama mkwe dawa, akawaamsha watoto, akafunga kitambaa kichwani, akapiga moyo konde. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Asante kwa cheo, Meneja, lakini sikiwezi. Asante, Meneja, lakini niache na pasi yangu.

Alipofungua mlango wa ofisi, Meneja alikuwa tayari yuko mezani, anakula mkate mkavu juu ya makaratasi.

"Mama, kaa. Au usikae, hatuna muda. Mumeo ameshakuja."

"Amekuja kufanya nini?"

"Kuniambia kwamba wewe cheo hukitaki. Ni kweli?"

Maneno yote ya Mama Pasi ya njiani yalikuwa yameshasemwa na mtu mwingine.

"Ni kweli," alisema.

"Ndivyo alivyosema. Akasema basi apewe yeye. Yeye awe msimamizi, Babu Moto abaki peke yake boilani, na kichwa cha kupungua kiwe chako. Amesema nyumbani kuna mgonjwa, kuna watoto, na kwamba wewe umechoka."

Huko chini mashine za kufulia zilikuwa zinaanza kuzunguka, moja baada ya nyingine. Mama Pasi alizisikia kama ziko mbali sana.

"Amesema nimechoka?"

"Amesema hivyo. Na wewe, mama, samahani, hata mimi nakuona." Meneja alipangusa vidole. "Kwangu mimi hesabu inatoka sawasawa. Kichwa kimoja kinapungua. Lakini cheo nilikupa wewe kwanza, na mimi si mtu wa kunyang'anya. Kwa hiyo sasa majina ni matatu. Mzee, mumeo, au wewe mwenyewe. King'ora kinakaribia."

"Nipe dakika."

"Chukua. Moja."

*

Chumba cha boila kina joto la kumkausha mtu macho. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya geji, kile kipimo cha nguvu ya mvuke, ameipa mlango mgongo. Alijua ni nani, maana hakugeuka.

"Umeniuza," Mama Pasi alisema.

"Jana ulisema hukitaki."

"Nilisema sikitaki. Sikusema nakupa wewe. Sikusema unifukuzishe kazi."

"Mmoja lazima aondoke. Babu akiondoka, watoto wale watakwenda wapi? Nikiondoka mimi, nitakwenda wapi? Nani anaajiri mtu wa boila sasa hivi, wakati maboila yanawashwa kwa kubonyeza kitufe? Wewe ukikaa nyumbani angalau mama ana mtu mchana."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ndiyo maana ya kuulizwa."

Fundi akainuka. Uso wake ulikuwa umechakaa kuliko ovaroli yake, na kwa kitambo kidogo mkewe alimwona jinsi watu wengine wanavyomwona: mwanaume wa makamo, mwembamba, mwenye kovu la mvuke shingoni.

"Jana nimesimama pale mlangoni," alisema, "nikasikia mke wangu anaulizwa kama mimi nibaki au nitupwe. Nimefanya kazi hapa tangu binti yetu yuko tumboni. Nimechoka kuwa mtu anayejadiliwa."

"Basi leo ukaamua nijadiliwe mimi."

Geji ikapanda kidogo, Fundi akanyoosha mkono akapunguza mvuke bila kuiangalia.

"Mimi nimechoka tu," Mama Pasi alisema. "Hapo hukukosea. Lakini uchovu wangu ni wangu, hukuwa na ruhusa ya kuupeleka ofisini."

Akatoka, akapanda ngazi. Akafungua mlango wa Meneja bila kubisha hodi.

"Cheo nakichukua," alisema. "Na jina ni la Fundi. Mume wangu."

Hapo, msomaji, usiniulize kama ilikuwa haki au hasira. Yeye mwenyewe alijiuliza maneno yakiwa bado yanatoka kinywani. Alijua tu kwamba Babu Moto ana watoto watatu, na kwamba kifuani kwake yeye palikuwa pamewaka.

Meneja akaandika. Kalamu yake haikusita hata kidogo. Akamwita mlinzi wa geti kwa simu.

"Nenda nyuma kwa Babu Moto, umwambie aje sasa hivi ashike boila." Akakata. Akamtazama Mama Pasi. "Na wewe nenda ukamwite Fundi aje achukue barua yake."

"Mimi?"

"Msimamizi ni nani?"

*

King'ora kililia akiwa ngazini. Akajikaza kisabuni, akashuka.

Alifika katikati ya uwanja, mlinzi wa geti akawa anarudi, anatembea haraka na ufunguo mkononi.

"Babu Moto hayupo," mlinzi alisema. "Chumba kitupu. Hata pazia hakuna. Jirani anasema ameondoka alfajiri na wajukuu na godoro kichwani. Huu ufunguo ameuacha kwake."

"Amekwenda wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Mama mkwe. Mama mkwe hapigi simu kazini hata akiwa hoi.

"Mama, kuna nini?"

"Mkwe wangu, wageni wamefika."

"Wageni gani?"

"Watatu. Wamekaa mlangoni juu ya godoro lao, wamepangana kwa urefu. Nimemuuliza mkubwa babu yao yuko wapi, ananiambia amekwenda kazini." Kikohozi. "Mdogo hajavaa kiatu cha mguu mmoja. Niwape chai?"

Mama Pasi alifumba macho.

"Wape, mama. Na mkate. Mkate uko juu ya kabati."

Alipofumbua macho, Fundi alikuwa amesimama chini ya ngazi za chuma, anajifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa amewaona yeye na mlinzi, akatoka kuuliza.

"Umemtaja nani?"

Angeweza kuzunguka, lakini hakuwa na nguvu za kuzunguka.

"Wewe," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kujifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

"Lakini Babu ameondoka," mkewe aliendelea. "Ameondoka alfajiri. Wajukuu wako kwetu, wanakunywa chai na mama. Jana usiku ulimwambia nini barabarani?"

"Nilimwambia tutapata njia."

"Naye akaelewa kwamba umekubali."

"Mtu mwenye shida ataelewa nini kingine?"

Fundi akakaa kwenye kidato cha chini, taratibu, kama mzee. Mama Pasi naye akakaa kando yake. Wasingekaa hivyo nyumbani. Nyumbani hapana mahali pa wawili kukaa peke yao. Mlinzi alijifanya anakagua geti.

"Kwa hiyo yeye kaondoka," Fundi alisema. "Na mimi umenifukuza."

"Ndiyo."

"Papo hapo?"

"Papo hapo. Hawataki mwenye hasira karibu na mashine."

"Sina hasira. Ningependa kuwa nayo." Halafu pembe moja ya mdomo wake ikacheza, jambo ambalo mkewe hakuwa ameliona siku nyingi. "Mama watoto, boila jipya linakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Na leo nani anawasha hili la zamani?"

Walitazamana.

Ndani ya jengo mashine zilikuwa zinanguruma. Mkokoteni wa mashuka ya hoteli mpya ulikuwa umeegeshwa mlangoni, umejaa mpaka juu, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake mwingine. Mama Pasi alivitazama vile vilima vyeupe kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akakung'uta aproni.

"Kaa hapohapo," alimwambia mumewe. "Usipande kule juu. Na usirudi boilani."

"Presha itashuka."

"Iache ishuke. Wewe si mfanyakazi wa hapa."

"Unakwenda kufanya nini?"

"Sijui. Na yale ya asubuhi sijayasahau, usidhani. Tutayaongea."

"Najua."

Akapanda ngazi.

Meneja alikuwa kwenye simu, amempa mlango ubavu, sauti yake tamu ya kuongea na wateja. "Bila wasiwasi kabisa, mchana yatakuwa mezani kwenu, yamenyooshwa, yamekunjwa..." Akamwona, akaziba simu kwa kiganja. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yuko wapi?"

"Amekaa."

Mama Pasi alivuta kiti kilichokuwa mbele ya meza, kile ambacho miaka yote hakuwahi kukikalia, akakikalia.

"Babu Moto amehama alfajiri," alisema. "Ufunguo wake uko kwa mlinzi. Fundi umeshamwandika. Nimekuja kukuuliza, hayo mashuka utayafua kwa mvuke wa nani?"

Meneja alimwambia mtu wa kwenye simu kwamba atampigia baadaye. Akaiweka simu mezani. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni.

"Mmepanga," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe, mumeo na yule mzee. Mmekaa mkapanga."

"Meneja," Mama Pasi alisema, "watu waliochoka hivi hawapangi kitu."

Huko chini mngurumo ulibadilika. Mashine ya kwanza ya kunyooshea ilitoa mluzi mwembamba, ikanyamaza. Ikafuata ya pili. Kupitia kioo cha ofisi walionekana wanawake wa pasi, mashuka yameshikwa nusu hewani, wanainua nyuso mmojammoja kutazama juu.

Meneja aliwatazama. Akaitazama simu yake, ambayo ilikuwa inawaka tena. Akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake na aproni iliyolowa, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Haya," alisema. "Unataka nini?"

Mama Pasi alifungua kinywa. Miaka yote aliyofanya kazi pale, na miaka yote kabla ya hapo, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na sasa simu inalia, wenzake wanangoja, mumewe amekaa ngazini, watoto sita wasiojua lolote wanamtegemea yeye na kinywa chake.

Watano, alijisahihisha. Wawili wake, watatu wa Babu. Wa sita ni huyu aliyevaa tai, ambaye naye anahesabiwa.

"Funga mlango," alimwambia.